Fundi wa Leza, Si Mfagiaji: Miaka 31 ya Mzee Cornelius Egau

Mnisamehe kwa kuchelewa. Maandishi haya ya jarida letu la wafanyakazi niliombwa wiki tatu zilizopita. Kila nilipokaa kuandika, mtoto aliamka, au hasira ilinishika nikaweka kalamu chini. Leo watoto wote wawili wamelala. Hasira bado, lakini siku zimekwisha.

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Cornelius Egau wa Rubongi anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya Tororo kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa mwaka 1994 kufagia. Ni kweli, na yeye mwenyewe haoni haya kulisema.

Kwa wenzetu wa matawi mengine: sisi hapa tunatengeneza vibao vya kupimia sumu ya ukungu kwenye mahindi. Kibao ni plastiki ngumu, angavu kama kioo, ukubwa wa kitambulisho. Mwanga wa leza huchora juu yake vijia vyembamba kama unywele. Tone la maji ya mahindi yaliyosagwa hupita humo, hukutana na dawa, na rangi inasema kama gunia ni salama. Wanaovusha mahindi Busia wanavijua vizuri vibao hivi. Gunia likikataliwa mpakani, mkulima wa Dabani ndiye anayelia.

Mashine ililetwa mwaka 2013, pamoja na kitabu kinene na mtaalamu aliyekaa siku nne. Vibao vya kwanza vilikuwa aibu. Plastiki ikiyeyuka, matone yake huruka na kuganda kando, na kijia kinaota midomo ya plastiki kingoni na kuziba. Wenye vyeti wakapunguza mwendo wa mashine, ikazidi kuunguza. Mzee Egau, aliyekuwa akizoa zile taka kila siku, akapaka plastiki uji mwepesi wa muhogo na kuuacha ukauke. Kisha akaomba mwanga upite mara mbili haraka, badala ya mara moja polepole. Taka ziliganda juu ya uji, akaosha kwa maji, kijia kikabaki safi. Mpaka leo ndivyo tunavyofanya, na tangu hapo yeye ndiye anayeiendesha mashine. Miezi ile mkewe alidhani ameoa kwingine, kwa jinsi unga wa muhogo ulivyokuwa ukitoka nyumbani! Wageni wakija kupiga picha wanaiita mbinu ya karakana. Karakana ina mikono?

Mimi nilifika Machi 2022 na cheti cha kidato cha nne na mtoto wa miezi mitano, Kate. Mzee aliweka sheria siku ile ile: mtoto haingii chumba cha mashine, na mama anyonyeshe bila kukimbizwa. Nikitoka, mashine inazimwa, hata kazi iwe ya haraka namna gani. "Mama Kate," aliniambia, "hii mwanga haina huruma. Ukiacha peke yake, inachoma nyumba."

Agosti mwaka huo ikaja plastiki ya muuzaji mpya. Meneja wetu wa wakati ule, Bwana Arthur, akataka tuanze mara moja, kwani mzigo ulikuwa unangojwa. Mzee akaipinda kona. Yetu huvunjika; ile ikakunjika tu.

"Hii si ile yetu. Mimi siwashi."

"Mzee, kazi yako ni ufagio. Washa!"

"Sawa, bwana mkubwa. Lakini huo ufagio ndio utakuja kuzoa nyinyi wote hapa."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alipasha waya wa shaba hadi ukawa mwekundu, akaugusisha kwenye plastiki, akaurudisha motoni. Moto ukawa kijani. Maana yake mle ndani kuna klorini, na leza ikiichoma hutoa moshi unaokula mapafu ya watu na chuma cha mashine. Kate wangu alikuwa nje ya mlango ule, kwenye mkeka.

Plastiki ilirudishwa kwa muuzaji. Kesho yake Mzee akapewa barua ya onyo kwa kukaidi amri. Haijafutwa mpaka leo.

Sasa cheti chake cha kustaafu kimefika, kimeandikwa "Mfagiaji". Nilipouliza ofisi ya utumishi, nilijibiwa kwamba mwenye onyo kwenye faili habadilishiwi cheo. Yaani aliyetuokoa ni mkaidi, na kwa kuwa ni mkaidi, hajawahi kuwa fundi. Mimi niliyefundishwa naye naitwa fundi msaidizi. Msaidizi wa nani? Wa mfagiaji?

Mzee wetu, asante kwa macho yako na kwa ukaidi wako. Nenda ukapumzike, shamba likupe, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na afya isikuache.

Na kwa makao makuu, haya bado sijaletewa, na nayahitaji kabla ya Alhamisi jioni. Barua ya kufuta onyo la Agosti 2022, yenye sahihi na mhuri. Daftari lake la vipimo vya mashine, lile la jalada jekundu mlilolichukua kunakili. Nataka lenyewe, si nakala. Cheti kipya, kimeandikwa "Fundi Mkuu wa Leza". Kile cha zamani msikitafute mezani kwenu. Ninacho mimi, na Ijumaa hakitasomwa.

Taaka, karakana ya Tororo