Mwalimu Dominiko Mageni Hakubofya

Baba Paroko, Mwenyekiti wa kijiji, ndugu zetu wa Ushirombo, majirani mliotoka Kambarage kwa gari la kukodi mkafika kabla ya jeneza, wanafunzi wa marehemu, na ninyi wageni wa chuoni mliopewa viti vyenye mito, Tumsifu Yesu Kristo. Historia hii imeandikwa na familia nzima jana mchana na kumaliziwa leo hapa hapa, na inasomwa na Lusia, mdogo wake marehemu, ambaye ndugu wamemchagua kwa sababu sauti yake haitetemeki, na kwa sababu mjane amesema kazi hii asipewe mtu mpole. Chuo hakitatajwa jina, kwa kuwa marehemu alikipenda kuliko kilivyompenda yeye, na hatupendi kukichafua kitu alichokipenda mbele ya jeneza lake.

Marehemu Mwalimu Dominiko Mageni alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 hapa hapa Ushirombo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Theonest Mageni na Mama Eufrasia, wakulima wa pamba na mihogo, akabatizwa na kupata Komunyo ya kwanza katika parokia hii, na tangu utotoni alikuwa mbishi, mwenye masikio makubwa na maswali mengi kuliko umri wake. Alianza shule ya msingi mwaka 1974 na kumaliza mwaka 1980, na katika miaka hiyo lilimpata jambo ambalo familia imeona lisiachwe, kwamba siku moja akiwa darasa la nne alinyoosha mkono akamwambia mwalimu kuwa hajaelewa, mwalimu akamchapa, na aliporudi nyumbani Mzee Theonest naye akamchapa, kwa kuwa kwetu mtoto kumwambia mtu mzima kwamba hajaeleweka ni sawa na kumtukana. Alisimulia habari hiyo maisha yake yote, akicheka, lakini hakuwahi kuisamehe.

Alisoma sekondari Tabora kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, akachukua stashahada ya ualimu Morogoro mwaka 1989, na baadaye, akiwa mtu mzima mwenye mke na watoto, akaenda Dar es Salaam kwa shahada ya kwanza na ya pili katika hisabati, ambazo alizikamilisha mwaka 2008. Aliajiriwa kwa mara ya kwanza tarehe 2 Oktoba 1989 katika shule ya sekondari jirani na Buseresere, akafundisha huko kwa muda mrefu, na watu wa kule wanamkumbuka kwa kofia yake ya kusokotwa, baiskeli isiyo na breki, na tabia ya kumsimamisha mtu sokoni na kumuuliza kama alishawahi kuelewa sehemu za hesabu, nusu na robo.

Tarehe 24 Septemba 1994 alifunga ndoa takatifu na Asteria katika kanisa la parokia hii, wakajaliwa watoto watatu, Edson aliyezaliwa mwaka 1995, Noela mwaka 1998, na Benedict mwaka 2004. Alikuwa baba mwema na mume mgumu, asiyejua kununua nyama, asiyekumbuka sikukuu yoyote, na ambaye Mama Edson alimvumilia kwa uvumilivu ambao Baba Paroko anaufahamu, maana ndiye aliyekuwa akisikiliza mashtaka.

Mwezi Septemba mwaka 2009 alihamia Shinyanga, akapanga na baadaye kujenga Kambarage, na kuanza kufundisha walimu watarajiwa katika chuo hicho tusichokitaja. Huko alikuta ukumbi uliojaa vijana kutoka Kahama, Segese, Geita na vijiji vya katikati, wakimtazama kwa adabu, wakiandika kila anachosema, bila hata mmoja kuuliza swali, na mtihani ulipokuja wakaanguka kama maembe mabichi kwenye upepo. Wenzake walisema vijana wa machimbo ni wazito wa kichwa, na wakaendelea kunywa chai. Marehemu aliwajua vijana hao, kwa kuwa alikuwa mmoja wao, na akajua kwamba hawanyamazi kwa ujinga, wananyamaza kwa sababu walilelewa vizuri.

Ndipo akaanzisha jambo lake la kubipu, ambalo wageni wetu wa chuoni wamezoea kulicheka. Aliweka mezani kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, sauti ikiwa juu na uso wa simu ukitazama chini, akawapa namba wote, akawaambia kuwa aliyepotea asinyooshe mkono wala asiseme neno, abipu tu, na yeye hatatazama ni nani. Wiki ya kwanza simu haikulia. Wiki ya pili ililia mara moja, ukumbi mzima ukainamisha vichwa kwa aibu, na marehemu akasema tu kuwa amebipiwa, akafuta ubao, akaanza upya kwa mfano mwingine, wa mifuko ya mawe inayogawanywa duarani, kwenye shimo la dhahabu, kati ya mwenye shimo na wachimbaji. Kuanzia hapo simu ikawa inalia kama kengele ya mbuzi, vijana wakawa wanabaki baada ya kipindi wakibishana, na wasichana waliokuwa hawajawahi kusikika wakaanza kuuliza kwa midomo yao. Kitochi kile hakikumgharimu mtu senti, hakikuhitaji bando, na hakikuletwa na mfadhili yeyote, na pengine hilo ndilo lililokiponza.

Mwaka 2023 chuo kilileta Mfumo. Familia si watu wa kupinga teknolojia, Benedict anasomea mambo hayo hayo, na marehemu mwenyewe alikuwa wa kwanza kuhudhuria mafunzo, amevaa koti. Lakini Mfumo huu ulikuwa wa kupima ushiriki wa wanafunzi kwa kuhesabu wanavyogusa simu zao, kila mguso alama, asiyegusa hayupo, na kuanzia mwaka huu aliyepungukiwa alama za ushiriki haruhusiwi kufanya mtihani, na ili uguse ni lazima uwe na simu janja na bando kila siku ya Mungu. Aliyeusimamia ni Dokta Boaz, Makamu Mkuu wa Chuo upande wa Taaluma, ambaye yupo hapa leo, na ambaye tangu siku hiyo hajaonekana bila kishikwambi kwapani, hata sasa anacho. Kitochi cha marehemu kilipigwa marufuku kwa maelezo kwamba kinashusha hadhi ya taasisi.

Yaliyofuata kila mwanafunzi aliyekaa hapa anayajua, na wakubwa wao wanajifanya hawayajui. Vijana wakagundua kuwa Mfumo unahitaji simu, hauhitaji mtu, basi wakawa wanaenda zao machimboni kutafuta chochote, na simu wanamwachia mwenzao mmoja, anakaa kiti cha nyuma na mfuko wa simu magotini, anagusa moja baada ya nyingine kama mtu anayechambua dagaa. Tarehe 12 Machi mwaka huu walikuja wageni wa heshima, na Dokta Boaz akawaingiza katika kipindi cha marehemu waone maajabu, ambapo ukutani maandishi yalikuwa yanang'aa kwamba karibu darasa zima lipo na ushiriki ni wa juu sana, na mbele ya macho yao kulikuwa na viti vitupu, watu wachache waliosinzia, na yule kijana wa mfuko akitokwa jasho. Wageni walitazama ukuta. Wakapiga makofi, wakapiga picha, wakaenda kula kuku. Marehemu aliporudi nyumbani siku hiyo hakula, na alimwambia Mama Edson kuwa amewaona watu wenye shahada tatu tatu wakiamini ukuta kuliko macho yao.

Ukutani siku ile alikosekana mtu mmoja tu, na huyo alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa, kalamu mkononi. Ni Nyamizi, binti wa Segese, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ambaye mama yake anawapikia wachimbaji, na ambaye simu yake ni kitochi kama cha mwalimu wake. Hakukosa kipindi hata kimoja, na Mfumo ukampa sifuri. Wenzake walimshauri aingize jina lake kwenye simu ya mtu, agusiwe kama wanavyogusiwa wengine, na marehemu alimsikia akiwajibu pale mlangoni, akayarudia maneno yale nyumbani mpaka sisi sote tumeyakariri. "Mimi nipo," alisema. "Kwa nini nimpe mtu kazi ya kusema nipo?"

Sheria ikawa wazi, kwamba Nyamizi hatafanya mtihani wa mwisho, na asipoufanya anaondolewa chuoni, miaka mitatu inakwenda na maji. Marehemu alikwenda ofisi kwa ofisi akieleza kuwa binti anahudhuria na kwamba yeye ni shahidi, akajibiwa kuwa ushahidi wa macho haupokelewi, labda aupakie. Kilichobaki mkononi mwake ni kitu kimoja, kwamba alama za ushiriki za somo lolote haziwi halali mpaka mwalimu wa somo azithibitishe kwa kubofya, na yeye akatangaza kuwa hatabofya mpaka jina la Nyamizi lirekebishwe. Alitishiwa, akasemwa vikaoni kuwa amezeeka, walimu wenzake waliokuwa wakimsifu faraghani wakainamia simu zao, na hao nao wapo hapa, wamevaa nyeusi.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwishoni mwa mwaka jana, akatibiwa Shinyanga, na tarehe 5 Mei alihamishiwa Mwanza kwa ajili ya kusafishwa damu. Hali ilibadilika mwezi Juni, miguu ikavimba, chakula kikamshinda, lakini akili yake ilikuwa timamu kabisa, na kila aliyekuja kumwona aliulizwa kwanza habari za binti wa Segese. Siku ya Jumamosi tarehe 5 Julai alikuja Dokta Boaz, tukafurahi tukidhani amekuja kumjulia hali, akatoa pole, akakaa pembeni ya kitanda, akafungua kishikwambi, akakiweka kwenye shuka juu ya kifua cha mgonjwa. Mama Edson alikuwepo, ameshika kikombe cha uji.

"Mwalimu, ni kubofya tu," Dokta Boaz alisema. "Hata nguvu haihitaji."

Marehemu alikisukuma kile kishikwambi kwa mgongo wa mkono wenye sindano. "Nguvu ya kubofya ninayo, Dokta," alisema. "Ya kumkana mtoto niliyekuwa namwona kwa macho yangu, hiyo ndiyo sina."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwa chuo alichokitumikia. Kwa familia alisema mengine, ambayo ni yetu. Alifariki dunia Jumanne tarehe 8 Julai mwaka huu, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Kesho yake, Jumatano saa nne asubuhi, Mama Edson akiwa dirishani mochwari anasubiri kukabidhiwa mwili wa mume wake, simu ya marehemu iliingia ujumbe ndani ya mkoba wake, ukimpongeza Mwalimu Dominiko Mageni kwa kufanikiwa kuthibitisha alama za ushiriki. Edson alipompigia Dokta Boaz kuuliza, alijibiwa kuwa ni utaratibu wa kawaida, tarehe ya mwisho ilikuwa imefika, na kwamba familia isilichukulie kihisia. Tumelichukulia kihisia. Mtu amekataa akiwa hai, amekataa akiwa na sindano mkononi, wakamsubiri afe ndipo akubali, na hawakuwa na haya ya kumsubiri hata azikwe. Familia inatamka hapa mbele ya Altare hii ya kando ya kaburi na mbele ya watu wake, kwamba Mwalimu Dominiko Mageni hakubofya, na mkono uliobofya una uhai hadi sasa.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa Mwanza, hasa Sista Salome aliyekuwa akimgeuza usiku bila kuitwa, majirani wa Kambarage waliolisha nyumba yetu tangu Jumanne, wanajumuiya, kwaya, na vijana waliochimba kaburi kwenye ardhi hii ya mawe. Wabeja sana. Wafanyakazi wenzake waliofika hospitalini tunawashukuru pia, ambaye ni mhudumu wa maktaba. Wengine mlitoa pole kwa kugusa alama ya mshumaa kwenye Mfumo, tumeiona, na tunaamini mmeongezewa alama za ushiriki.

Sasa ni desturi yetu, kabla mwili haujashushwa, mwanafamilia kusimama na kuuliza kama yupo anayemdai marehemu ajitokeze, ili asiende na deni. Mwenyekiti wa ukoo ameshauliza asubuhi na hakujitokeza mtu. Mjane ameomba leo swali liulizwe pia kwa upande wa pili, kwa kuwa yupo anayedaiwa na marehemu, na mdaiwa yuko hapa. Marehemu anadai mtihani wa Nyamizi. Mtihani ni Jumatatu hii, tarehe 14 Julai, na Nyamizi yuko pale na wenzake, mwenye kitenge cha bluu, asimame aonekane. Watu wote mnamwona. Dokta Boaz, na wewe mtazame. Tunaomba usimame pale ulipo, uweke hicho kifaa chini, useme kwa mdomo wako mbele ya watu hawa kama binti huyu yupo au hayupo.

Shada la chuo halitaitwa kabla ya jibu, na jeneza halitashushwa kabla ya jibu. Baba Paroko ametukubalia kusubiri, kaburi liko wazi, jua bado liko juu, na waliokuja kuzika hapa hawana gari la kuwahi. Yale maneno ya kumtakia marehemu mapumziko ya amani yameandikwa hapa chini kwenye karatasi, lakini Lusia hatayasoma bado.