Picha Iliyobaki ya Nashon Olweny

Marehemu Nashon Olweny alizaliwa Yala, Kenya, tarehe 12 Machi 1921, mtoto wa pili wa mama yetu Santina. Mtaona karatasi hii ya mazishi haina picha yake. Nitafika hapo.

Alisoma misheni mpaka darasa la nne, darasa moja mbele yangu mimi kaka yake. Mwaka 1944 alikuja Kampala, akajifunza ushonaji, na cherehani yake ikakaa Nakawa miaka thelathini. Tarehe 6 Agosti 1949 alimwoa Teresa Akoth. Koti la harusi alijishonea mwenyewe, maana hakuamini fundi mwingine, na kila alivyonenepa alilipanua kidogo.

Mwaka 1973 watu fulani waliiondoa picha ya jirani yake Okeny iliyotundikwa kwenye dirisha la mpiga picha. Juma lilelile Okeny alifuatwa na gari, na hajarudi. Sisemi zaidi, tuko wengi hapa. Nashon alichoma picha zake zote, hata za harusi.

Tarehe 9 Agosti mwaka huu, 1976, kichwa kilimuuma ghafla, akaanguka. Hospitalini walimtia dawa kwenye mshipa wa shingo, wakampiga picha ya ndani ya kichwa. Dokta Otim alituonyesha kwenye mwanga: mshipa umevimba kama punje ya mtama. Bila picha hiyo, alisema, hatajua apasue wapi.

Nashon akamuuliza, "Na mawazo yanaonekana?"

"Mishipa tu, mzee."

"Nani mwingine ataitazama?"

"Mimi na wenzangu."

"Wenzako akina nani?"

Daktari akacheka. Nashon hakucheka. Baadaye aliomba aletewe koti lake na sindano. Tukafurahi, tukadhani anajiandaa kurudi nyumbani.

Siku ya upasuaji, tarehe 2 Septemba, mshipa ulipasuka alfajiri, akakosa kauli. Daktari alifungua haraka bahasha ya picha iliyokaa kando ya kitanda, akakuta karatasi ya kukatia suruali. Tukamuuliza Nashon picha iko wapi. Alitutazama tu, mmoja mmoja. Dawa ya kupigia picha nyingine ilikuwa imekwisha. Alifariki saa nne asubuhi.

Jana tulipomvika, koti halikukunjika mgongoni. Teresa akalipapasa, akafumua bitana, akaitoa. Nikamwambia tubaki nayo, ndiyo picha yake iliyobaki.

"Shemeji," akasema, "mwenyewe alishaamua ikae wapi." Akaishona tena humo humo.

Ameacha mjane Teresa, binti yake Hortense, wajukuu wanne, nami kaka yake Ochola. Kama kuna aliyekuja kuitazama, amechelewa. Nashon, pumzika sasa. Hakuna atakayekuuliza kitu.