Mpishi wa Nakala Mama Anarudisha Funguo

Miaka ishirini na miwili ameitumikia ofisi hii, na Ijumaa ya tarehe thelathini anarudisha funguo. Ilikuwa bado miaka mitatu astaafu. Sababu mnaijua nyote, ila hakuna aliyetaka kuiandika, ndiyo maana kalamu mkanisukumia mimi, bibi wa chai.

Tulimwita Mpishi. Kabla yake, mwandishi wa programu akiajiriwa alihangaika wiki mbili kuifanya kompyuta yake ikubali kazi. Ya huyu inawaka, ya yule inagoma, na kila mmoja anaapa kosa si lake. Mpishi akatengeneza kompyuta isiyoshikika, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine, vifaa vyote vya kazi vimo. Hiyo ndiyo nakala mama. Kila mfanyakazi akapewa mtoto wake, wote sura moja. Mgeni akawa anaanza kazi chai yake haijapoa.

Hakutia viraka. Kila Ijumaa alifuta ya zamani na kupika mpya tangu mwanzo. Jumatatu, kabla ya kuigawa, aliniita. "Bibi, njoo uwashe. Ikikutii wewe, itamtii yeyote." Nikamwambia, "Kumbe mimi ndiye kipimo cha ujinga hapa!" Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Miaka tisa niliwasha mimi.

Mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa na haraka, maji yanachemka jikoni. Nikabonyeza, ikawaka, nikasema nzuri, wala sikutazama. Kosa hilo ni langu. Kufika saa nne, watu sitini wamefungua nakala zao wakakuta ukurasa ambao Mpishi alisahau kuufuta kabla ya kuifunga nakala mama. Ilikuwa orodha yetu sisi. "Mwenye ndevu, meza ya dirishani: mkuu wangu." "Mwembamba mwenye kicheko: tuko pamoja miaka kumi." Na mimi: "Bibi wa chai ndiye anayewasha. Usimuulize tena yeye ni nani."

Wengine mlicheka, mkidhani ni mzaha wake. Hovyo! Macho yenu yanajua kusoma vioo tu. Mpaka mlipomwona amesimama mlangoni, hajui meza yake ni ipi, ndipo mkaelewa kuwa kumbukumbu inamtoka.

Hakungoja kuambiwa. Siku ileile aliandika barua ya kuacha kazi kwa mkono wake: aliyesahau ukurasa leo, kesho atasahau nywila humo humo, na wezi wataingia kwenye mashine zote sitini. Kisha kwa miezi minne akaandika kila hatua ya mapishi yake, kurasa mia na kumi. Ijumaa zote mlipika kwa kufuata maandishi hayo, yeye pembeni, midomo kaibana asiwasaidie. Wiki iliyopita nakala ilitoka safi bila yeye kugusa kitu. Akapiga makofi. Halafu akashika kurasa zile, akauliza ni nani aliyeandika vizuri hivi.

Nikamwambia, "Ni wewe, mwanangu." Akasema, "Basi nilikuwa fundi."

Ulikuwa fundi. Ahsante kwa kila asubuhi uliyoturahisishia. Kapumzike na mkeo, Mungu akupe siku nyepesi. Jumapili nitakuja kukuona. Usijisumbue kunikumbuka. Nitabisha hodi, nitajitaja mimi ni nani, na nikirudi nitajitaja tena.