Bi Zuleha Mwishehe: Miaka Ishirini na Mmoja ya Kulaza na Kuamsha Mizabibu

Bi Zuleha Mwishehe, msimamizi wa mizabibu katika Shamba la Mzabibuni, Kaole, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka ishirini na mmoja kamili ya utumishi. Wasifu huu alipaswa kuuandika Meneja Abdillah. Alijaribu, ukatoka kama barua ya kuomba likizo, basi kalamu ikaletwa kwetu sisi vijana wa kukata matawi. Bora hivyo. Kama kuna watu wanaomjua Bi Zuleha ni sisi, maana sisi ndio aliotugombeza kuliko wote.

Aliajiriwa tarehe 1 Julai 2004 kwa kazi ya kubeba samadi. Wakati huo shamba lilikuwa mchanga mtupu na nguzo za zege zilizosimama bila waya. Mwenye shamba alikuwa ameleta pingili za mizabibu kutoka Dodoma, na Bagamoyo nzima ikamcheka: zabibu ni za Dodoma bwana, huku pwani utavuna ukungu. Hawakukosea sana. Hewa yetu ina unyevu, na jani la mzabibu likikaa na maji, siku mbili tatu tu limeota unga mweupe kwa chini.

Mtaalamu aliyekuja kupanga mistari alikuwa na kamba, vigingi na ramani. Bi Zuleha alikuwa na kanga sita mbichi. Tatu akazianika moja nyuma ya nyingine, zikiukinga upepo wa bahari. Tatu nyingine akazianika zikiufuata upepo ulikokuwa ukienda. Zile za kwanza, ya mbele ilikauka na za nyuma zikaendelea kuchuruzika. Zile za pili zikakauka zote kwa pamoja. Mtaalamu akazitazama, akaikunja ramani, akang'oa vigingi. Ndiyo maana mistari yetu hadi leo imeelekea bahari, na upepo unapita katikati kama mwenye nyumba. Mbeba samadi akapandishwa cheo siku hiyo hiyo.

Kubwa alilotufundisha ni kulaza mizabibu. Nchi za baridi mzabibu hulala wenyewe. Huku kwetu kwenye joto haujui kulala, unatoa majani mwaka mzima mpaka unasahau kuzaa. Lazima uulaze: unaukatia maji wiki kadhaa, unaukata matawi, halafu unaurudishia maji. Hapo unaamka na vichipukizi, na vichipukizi vinakuja na maua. Ukilala, mtu mgeni akiuona ataapa umekufa. Kijana mmoja wa kwetu (jina tunalihifadhi, ila ndiye anayeandika) aliwahi kuuonea huruma, akafungulia maji mistari mitatu kwa siri. Ikaamka peke yake, mvua ikaikuta na majani mateke, ukungu ukaila yote. Bi Zuleha hakupiga kelele. Alisema tu, kwa utani wa bibi na mjukuu, "Mume wangu, siku nikizimia usije wewe kunimwagia maji." Mistari ile inaitwa Mistari ya Huruma mpaka kesho.

Tuliseme na hili, maana watu huuliza. Tangu siku ya kwanza alikubaliana na mwenye shamba kwamba mikono yake ni ya tunda, na mlango wa kile chumba kidogo cha kukamulia mvinyo wa wageni hauvuki. Miaka ishirini na mmoja hajauvuka. Wageni wakija kusifu kinywaji, yeye huwauliza kama waliona rangi ya mbegu. Mbegu ya zabibu iliyoiva huwa kahawia, na ukiitafuna inalia. Ikiwa mbichi inakuachia ukakasi mdomoni. Meneja ana kipimo cha sukari, kile kidude cha kuchungulia kwa jicho moja. Bi Zuleha ana magego.

Sasa tuje kwenye mavuno ya Machi mwaka huu, ambayo bila hayo pasingekuwa na sherehe wala shamba la kufanyia sherehe. Mwaka 2023 tuliogopa masika, tukavuna mapema, na mnunuzi akalirudisha lori zima kwa ukakasi. Mwaka 2024 tukasubiri, mvua ikatutangulia, vichala vikaozea kwenye waya. Mwenye shamba akatuita, akasema mara ya tatu hakuna: msimu huu ukiharibika, waya zinashuka, mizabibu inang'olewa, tunapanda mananasi. Watu thelathini na wawili tukatazamana. Bi Zuleha alikuwa na likizo yake ya mwisho, angeweza kukaa nyumbani na asione lolote. Hakwenda.

Ramadhani ikaingia Jumapili tarehe 2. Jumatatu Meneja akachungulia kidude chake, akasema sukari imetimia, tukate. Mawingu yalikuwa yamesimama upande wa kusini. Bi Zuleha akasema sukari si mbegu. Lakini kutafuna hawezi, kafunga. Mmoja akamkumbusha kwamba hata mpishi huonja chumvi kwa ncha ya ulimi. Akajibu kwamba yeye haonji, anavunja, na maji ya zabibu hayaulizi njia yakishafika kooni. Hachezi na swaumu yake.

Akatuangalia mmoja mmoja, macho yakatua kwa Ally, dereva wa trekta. Msomaji asiyemjua Ally aelewe kwamba ana vidonda vya tumbo vya ajabu. Huamka siku mwezi unapoandama na hupona asubuhi ya Idi.

"Ally, mwanangu, wewe una ruhusa. Njoo utafune."

"Mimi Bi Zuleha? Mbele ya watu?"

"Kwani vidonda vyako ni vya siri?"

Akasogea, kichwa chini. Trekta likazimwa. Bi Zuleha akamtilia mbegu mdomoni, akaweka sikio karibu na shavu lake. Ally akatafuna, akakunja uso, akalalamika ni chungu.

"Sikukuita uonje, nimekuita utafune. Funga mdomo." Akasikiliza. "Bado. Huyu anatafuna uji."

Meneja akamwonyesha mawingu. Bi Zuleha akamwambia anayaona, na lori la mwaka juzi nalo aliliona likirudi. Jumanne, bado. Jumatano mawingu yakashuka, mwenye shamba akapiga simu mara nne, na Bi Zuleha akasema bado. Hiyo siku hata sisi mashabiki wake tulianza kununa. Alhamisi alasiri Ally akatafuna mbegu ya mstari wa kumi na mbili, ikalia ka! Tulisikia wote, mpaka tuliosimama penye bomba. Akamtafunisha mistari mingine mitano, ka, ka, kila mmoja.

"Kesho alfajiri," akasema Bi Zuleha. "Na adhana ya Ijumaa isikute kichala kwenye waya."

Haikukuta. Tulivuna kwa swaumu na kwa sifa. Mimi peke yangu nilijaza kreti arobaini na moja, anayebisha aje tuhesabiane. Bi Zuleha, mwenye miaka sitini, alijaza arobaini na tatu, lakini hilo halina haja ya kukuzwa. Lori likaondoka kabla ya hotuba. Jumamosi alasiri masika yakamwagika juu ya waya tupu. Mnunuzi alichukua mzigo wote, akaomba na wa msimu ujao. Mananasi hayajatajwa tena.

Bi Zuleha, shamba hili tumelipata mikononi mwako na tunakushukuru kwalo, kwa mistari iliyonyooka na kwa kila neno kali ulilotupa na kila kikombe cha uji ulichotufuatishia. Mkasi wako umetuachia, na kuanzia Julai tutailaza mizabibu sisi wenyewe. Usihofu, maji hayatafunguliwa na mtu mwenye huruma. Nenda ukapumzike kwako hapa hapa Kaole, wajukuu wakuchoshe kwa raha, afya isikuache, na Mungu akuzidishie umri mrefu wenye kheri.

Limebaki jambo moja. Mwakani mavuno yataangukia tena ndani ya Ramadhani, na Ally ametangaza mbele ya mashahidi kwamba vidonda vyake vimepona kabisa. Mtafunaji tutamtafuta. Bi Zuleha ameahidi kuja kusikiliza, kwani kilichostaafu, anasema, ni miguu na mgongo. Sikio lake bado lipo kazini.

Najim, kwa niaba ya vijana wa kukata matawi