Kiini Kilichogoma Kayanga

Mwaka 1997, nyuma ya stendi ya Kayanga, benchi la kahawa la Joviana lilikuwa halikosi watu. Jioni ile Anatory alikaa pembeni, ameinamisha kichwa. Ndiye aliyeendesha kompyuta kuukuu ya kupeleka barua kwa redio hadi kambi za wakimbizi za Kigoma, barua za watu waliopotezana na ndugu zao vitani. Tangu Jumatatu ilikuwa imekufa.

— Kwani uliifanya nini? aliuliza Egbert, fundi baiskeli, maarufu kwa jina la Spana.

— Niliiundia kiini kipya, ile programu yake kuu. Kiini ndicho kinachoamka kwanza, halafu kinaamsha mengine yote. Unachagua mwenyewe: hiki weka, hiki toa. Kumbukumbu yake ndogo, nikatoa mengi ili redio ipate nafasi.

— Ukatoa na injini!

— Kama hivyo. Mashine mpya zina kifaa chao cha hesabu. Hii ya zamani haina, kiini ndicho kinachoifanya kazi hiyo. Nikakitoa hicho kipande. Sasa nikiwasha, inaandika mistari miwili, kimya.

— Si urudishe kile cha kwanza?

— Nilikifuta. Diski ilijaa.

Spana akapiga mluzi.

— Kiini wapi! alidakia Rwegoshora, mnunuzi wa kahawa wanayemwita Mawimbi kwa kupenda redio. Hilo ni vumbi. Limeingia puani.

— Kompyuta ina pua, Mawimbi? aliuliza Spana.

— Ile feni ni nini? Tena imetoka Ulaya, imezoea baridi.

— Baridi gani inakosa, na hapa tunalala na mablanketi mawili!

— Basi imechoshwa na vilio. Barua zote zile za misiba, hata wewe ungezima.

Wakacheka. Anatory hakucheka. Alikuwa amemwona Mukashema, mama aliyekuwa akimtafuta mwanawe kwa barua hizo, akishuka kwenye lori la ndizi, kutoka Bugomora, miguu imejaa tope.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Jibu la Mbonimpa wangu limekuja?

Anatory akasimama.

— Lilikuja Jumapili, mama. Wamempata kijana wa jina hilo. Wakauliza kama mama yake yu hai. Nilikuwa niwajibu Jumatatu, mashine ikagoma. Diski nyingine ya kuiamsha inakuja na basi la Bukoba. Labda wiki ijayo.

Mukashema akashika mdomo. Machozi yakamtoka, huku anatabasamu, kisha tabasamu likakatika.

— Na yeye kule, siku zote hizi, anaambiwa mimi niko wapi?

Spana akatazama chini. Mawimbi akakohoa. Joviana akasogea kwenye benchi, akampisha mama akae.