Wivu Wangu na Chenga za Makaa

Ndugu zangu, amani iwe nanyi. Nimeombwa nisimame kwa sababu wengi wenu mmenunua mboga kwetu hapa mtaani Barani, na mnadhani nyumba yetu imekuwa na heri siku zote. Majina ya watu sitataja. Ila mke wangu mnamwona amekaa pale, naye amenipa ruhusa niseme. Kaniambia tu nisirefushe.

Nilikuja pwani kutoka Ukambani kutafuta kazi, nikaipata Marereni, kwenye mashamba ya chumvi. Waliowahi kuifanya wanaijua. Unashinda umesimama kwenye maji makali, jua linakupiga kutoka juu, tena linakurudia kutoka chini. Visigino vyangu vilipasuka, vidonda vikakataa kupona, mwisho nikawa siwezi kuvaa hata ndara. Kazi ikaishia hapo. Nikarudi nyumbani hapa Barani nikakaa mlangoni, mwanamume mzima, nikingoja mke wangu aseme leo tutakula nini.

Uwanja wetu wa nyuma ni mchanga mtupu. Ukimwaga maji, hujaiweka ndoo chini yameshapotea. Mke wangu akaanza kulima hapo. Nikamwambia, "Huo ni mchanga wa kujengea, si wa kupandia." Akaleta gunia la chenga za makaa, vile vipande na vumbi linalobaki makaa yakishauzwa, akazitwanga, akazichanganya na mchanga, akapanda mchicha. Ukatoka wa manjano, ukadumaa, ukafa. Nawaambia ukweli, ndugu zangu, nilifurahi. Watoto wangu ndio waliokuwa wakiungoja ule mchicha, na mimi nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimeshasema.

Yeye akakaa akafikiri. Kwao walikuwa wakichoma makaa, na alikumbuka kwamba pale penye tanuri la zamani, mahali mbuzi walipolala, mahindi yalistawi kuliko kwingine kote. Akaniambia, "Makaa yakiingia udongoni na njaa, yanakula chakula cha mmea. Lazima yashibe kwanza." Akaziloweka chenga kwenye pipa la maji ya samadi ya mbuzi, akaziacha wiki kadhaa, ndipo akazifukia kwenye matuta. Mchicha wa mara ya pili ulikuwa na majani mapana kama kiganja changu. Maji akimwagia asubuhi, jioni ukichimba kwa kidole bado unakuta unyevu.

Hapo ndipo wivu uliponishika sawasawa. Wanawake walikuwa wakija kununua tangu asubuhi. Mpishi wa hoteli moja ya wazungu akaja na kikapu chake. Watu waliokuwa wakinijua kwa kazi yangu sasa wakinionyesha kwa wengine walisema, "Yule, mume wa mama wa mboga." Ule mchicha nausukuma kando ya sahani. Mke wangu akicheka na wateja, naona ananicheka mimi.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Chenga alizitoa kwa kijana mmoja mwenye ghala la makaa, kijana wa hukuhuku, mrefu, mwenye miguu mizima. Kila alasiri mke wangu anakwenda huko, na akirudi amenawa uso na mikono, ananukia sabuni. Jirani akanitia maneno: "Yule hampi mtu kitu cha bure." Neno lile likanilaza macho.

Nikamuuliza mke wangu, "Hizo chenga unazilipia nini?"

"Nazilipia."

"Nimekuuliza nini."

"Kula, baba watoto. Chakula kinapoa."

Kesho yake alipotoka nilijifunga matambara miguuni, nikashika bakora, nikamfuata. Nilikwenda polepole kwa maumivu, na kila hatua hasira ilizidi. Nilimkuta yule kijana mlangoni. Akaniamkia, "Shikamoo, mzee." Sikumwitikia. Nikamwambia, "Mke wangu yuko wapi?"

"Yumo ndani, anafagia."

Nikaingia. Mke wangu alikuwa amejifunga kanga puani, mweusi tangu nywele hadi vidole, anakokota gunia la makaa ukutani huku akikohoa. Alikuwa amelipanga ghala zima. Kando ya mlango palikuwa na ndoo ya maji na kipande cha sabuni.

Kijana akaniambia kwa adabu, "Mzee, hayo ndiyo makubaliano yetu. Yeye ananipangia magunia na kunifagilia, chenga zinakuwa zake. Mimi nilidhani wajua."

Mke wangu akaitazama bakora, akanitazama mimi. "Umekuja kunipiga, au umekuja kunipokea mzigo?"

Nikamgeukia yule kijana nikamwambia, "Marahaba." Halafu nikamwambia mke wangu, "Nimekuja kukupokea." Nikaliweka gunia la chenga begani, tukatoka.

Njiani nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekuambia namfagilia mwanamume mwingine, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi. Na watoto wangekula nini?"

Tulipofika nyumbani nikamuuliza, "Nifanye nini?" Aliburuta kigoda hadi kwenye pipa, akanipa mti wa kukorogea. Kazi ile naifanya nimekaa, na miguu ikapata nafasi ya kupona.

Msidhani wivu uliisha siku ile. Alinigawia matuta yangu, na biringani zangu zilikuwa ndogo kuliko zake. Nikanuna siku nyingi hadi nikamuuliza kosa langu. Kumbe nilikuwa sisubiri chenga zishibe. Kisha ukaja ule mwaka wa kiangazi, tulipokula unga wa manjano wa msaada. Bustani za watu zilikauka, yetu ikabaki kijani, na majirani wakaanza kututazama kwa macho niliyoyajua vizuri. Nilitaka kujenga ua mrefu. Mke wangu akakataa. Akasema, "Waite waone pipa." Wakaja, na yule jirani wa maneno alikuwemo. Nikamwonyesha mimi mwenyewe.

Namshukuru yule kijana wa makaa, aliyenistahi siku nisiyostahili. Nawashukuru nyinyi mlionipa samadi bila kuuliza mgonjwa wa miguu ataifanyia nini. Na wewe, mama, nakushukuru mbele ya watu hawa, maana nyumbani hunikatiza.

Funzo langu ni dogo. Wivu ningali nao, wala sitawadanganya. Ila siku hizi nikimwona mtu amenizidi na moyo ukaanza kuwaka, sikai nao mlangoni. Naondoka, nakwenda kwake, nampa salamu, namuuliza, "Mwenzangu, umefanyaje?" Na mpaka leo, kati ya wote niliowauliza, hakuna aliyeninyima jibu.