Penseli Hakukataa Chakula

Marehemu aliacha agizo moja kuhusu karatasi hii ya wasifu wake, na alilitoa akiwa na akili zake timamu, mbele ya mume wake. Yasiandikwe maneno "baada ya kuugua kwa muda mrefu." Alisema ugonjwa wake una jina, na maneno hayo ni blanketi la kufunikia kila kitu. Akamteua dada yake mkubwa aandike na asome. Dada mkubwa ni mpishi wa shule ya bweni, si mtu wa kalamu, akajaribu kukwepa. Marehemu akamwambia, "Wewe ndiye uliyeanza kusema. Wewe ndiye utakayemaliza." Basi ndiyo haya.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Agosti 1968, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Baba yao, ambaye ametangulia, alikuwa mlinzi wa kiwanda hicho, na mama yao alikuwa mshonaji. Marehemu alipokuwa na miaka saba, dada mkubwa aliachiwa kuku wa kuandaa, akatoka mara moja kuchota maji. Aliporudi alikuta firigisi imekatwa kwa wembe vipande vinne vyembamba, vimepangwa dirishani, na mdogo wake ameinama anahesabu vijiwe vilivyokuwamo. "Dada, kuku hana meno," alisema, "kumbe tumbo lake ndilo linatafuna." Baba alikuwa akiisubiri firigisi ile, na aliyechapwa ni dada mkubwa. Marehemu hakuomba radhi mpaka anakufa. Alidai kosa lilikuwa la kuku.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1975 hadi 1981, kisha sekondari, na mwaka 1988 akajiunga na chuo cha maabara za tiba. Alihitimu Desemba 1990. Mwalimu wake aliandika kwenye cheti cha tabia kwamba ni mwanafunzi mwenye mkono mwepesi na mdomo mzito. Nyumbani tulioujua mdomo huo tulicheka sana.

Januari 1991 aliajiriwa katika maabara ya hospitali, chumba cha mwisho kwenye ukumbi, kile kinachonuka nta na spiriti. Kazi yake ilikuwa kupokea vipande vya nyama vinavyotoka chumba cha upasuaji, kuvigandisha kwenye nta, kuvikata vyembamba kuliko ganda la kitunguu, kuvitia rangi na kuviweka kwenye vioo ili daktari aone kwa darubini kama mtu ana saratani au hana. Kila kioo alikiandika kwa penseli, na penseli nyingine ilikaa nyuma ya sikio. Kila kijana mpya aliyeingia na kalamu ya wino alirudishwa mlangoni. "Wino unakimbia kwenye dawa," alikuwa akiwaambia, "na jina la mgonjwa linakimbia nao." Ndipo wakamwita Penseli. Kwa miaka thelathini hakuna kipande kilichopita mikononi mwake kikapoteza mwenyewe.

Mwaka 1993 aligundulika kuwa na kisukari cha kuchoma sindano. Mwaka huohuo fundi mizani alikuja kurekebisha mizani ya maabara, na akarudi mara tatu kwa ajili ya mizani isiyokuwa na ubaya wowote. Marehemu alimweleza habari za sukari siku ya kwanza, ili kama ni kukimbia akimbie mapema. Fundi hakukimbia. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 26 Novemba 1994, na mwaka 1997 wakajaliwa binti mmoja, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu.

Sasa tufike pale pagumu.

Kuanzia mwaka 2016 marehemu alianza kushiba kwa vijiko vitano. Asubuhi alikuwa akitapika chakula cha jana mchana, kikiwa bado kinatambulika. Dada mkubwa hulisha watoto mia nne kila siku, na maisha yake yote amejua jambo moja, kwamba sahani ikirudi imejaa, ama chakula ni kibaya au mtu ana lake jambo. Chakula chake hakikuwa kibaya. Basi akaamua mdogo wake ana lake jambo.

Jumapili, tarehe 3 Februari 2019, familia ilikutana kwa mama. Marehemu alichoma sindano yake kama kawaida kabla ya kula. Dada mkubwa akampakulia sahani, akasimama pembeni yake kama askari. "Leo unamaliza. Siondoki hapa." Marehemu akamaliza, ili kukata maneno. Saa moja baadaye akaanza kutetemeka na kutokwa jasho, akaanguka kwenye zulia. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Sindano ilifanya kazi kwa wakati wake, lakini chakula kilibaki kimekaa tumboni, hakikuteremka kukutana nayo. Hilo dada mkubwa hakulijua. Alilolijua ni kwamba mtu amekula sahani nzima na bado ameanguka kwa njaa, kwa hiyo lazima ameitapika kwa siri. Akasema hivyo jikoni. Jikoni kulikuwa na shangazi wawili na majirani, na kabla ya jioni ukoo mzima ulikuwa unajua kwamba Penseli anakataa chakula kwa makusudi, anataka wembamba uzeeni. Ndugu hawa wawili hawakusalimiana kwa miezi kumi na sita.

Juni 2020 hospitali ilimpa marehemu kipimo. Unakula yai lililotiwa dawa kidogo, halafu mashine inalipiga picha tumbo saa baada ya saa. Binti yake ndiye aliyempigia simu mama mkubwa. "Saa nne zimepita, yai liko palepale." Dada mkubwa anajua yai. Alikaa kwenye gunia la mchele stoo ya shule akalia, na wapishi wenzake wakadhani kuna msiba.

Mwaka 2021 madaktari walimwekea mpira wa kumlisha moja kwa moja kwenye utumbo, na kwa ridhaa yake wakachukua kipande kidogo cha ukuta wa tumbo, kikapelekwa chuo kikuu kwa watafiti. Vioo viliporudi, marehemu alimwita dada yake maabara. Akamkalisha kwenye darubini, kioo cha mtu asiye na kisukari kwanza.

"Unaona vidoti vya kahawia?"

"Naviona. Vingi."

"Hizo ni seli za kinga. Zinaishi kwenye msuli wa tumbo. Zinasafisha sumu inayoletwa na sukari, na zinazilinda seli nyingine, zile zinazolipatia tumbo mwendo ili lisukume chakula. Haya, sogea." Akabadilisha kioo.

"Hapa viko vichache."

"Hapa ni mimi."

Dada mkubwa akarudisha jicho kwenye darubini. "Na hivi vilivyobaki?"

"Watafiti wanadhani baadhi vimegeuka. Badala ya kusafisha sumu, vinaimwaga vyenyewe, na zile za mwendo zinakufa. Bado wanachunguza."

"Yaani walinzi wa soko ndio wanaopindua meza."

"Umeelewa kuliko daktari wangu."

"Si wawarudishe walinzi wa zamani?"

"Dawa hiyo haijapatikana, dada."

Pembeni mwa kioo kulikuwa na jina lake, kwa penseli, kwa mwandiko wake mwenyewe. Aliliandika kabla hajaingia kupasuliwa, asije akapotea. Dada mkubwa alipoliona alimshika mkono, mkono wenyewe mifupa mitupu, akamwomba msamaha. Marehemu akasema amesamehe. Kisha akauliza, "Na wale uliowaambia, utawaambia lini?"

"Nitawaambia."

Hakuwaambia. Alisema wiki ijayo, kisha akasema tukikutana wote, na miaka ikapita. Aliona aibu, hakuna sababu nyingine.

Fundi mizani alimpima mke wake kila Ijumaa kwa mizani aliyoirekebisha mwenyewe. Ijumaa ya mwisho ilisoma kilo thelathini na nane. Akaifungua, akaikagua, akaifunga, ikasoma vilevile. Mwanzoni mwa Machi mpira ulipata maambukizi, yakaingia kwenye damu. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, kitanda cha dirishani, wodi ya wanawake. Chanzo cha kifo chake ni kisukari kilichoharibu tumbo hata likashindwa kusukuma chakula. Siku moja kabla, Jumatatu, mama alimshika shavu akamwambia, "Kula, mwanangu, usijiue." Marehemu alimgeukia dada yake tu, akamtazama.

Marehemu ameacha mume, fundi mizani, binti mmoja na mkwe mmoja, wajukuu wawili, wafanyakazi wa maabara waliogandisha nta naye, dada mkubwa, na mama yake mzazi, ambaye anasikia kwa sikio la kushoto peke yake. Kwa hiyo msomaji anaomba ruhusa ashuke hapa mbele, asimame upande huo wa mama, na asome kwa sauti:

Mama, hakukataa chakula. Tumbo lilimkatalia. Maneno yale yalitoka jikoni, kwenye mdomo wa mwanao mkubwa, na yalikuwa uongo.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Hakuna atakayekusimamia na sahani tena.